Mwanasesere wa kauri wa kutengeneza kwa mkono: kuanzia sura ya plastisini hadi mwili wa marekani

Sehemu kubwa ya kazi ya mwanasesere wa kauri hufanyika kabla moto haujawashwa. Kauri ikishaiva haina msamaha. Mkwaruzo mdogo uliouacha shavuni wakati bado ni udongo utaukuta palepale, umeshakuwa jiwe, na rangi haiufichi bali huuongezea kivuli. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kalibu (umbo la jasi ambamo udongo wa majimaji humiminwa), udongo na sponji, na nguo nitazipitia juu juu, kwa sababu kila mwenye cherehani anajua pa kuanzia.

Tutatengeneza aina rahisi kuliko zote: kichwa, shingo na mabega vikiwa kipande kimoja cha kauri, mikono na miguu ya kauri, na mwili wa kitambaa uliojazwa. Viwanda vya Ujerumani viliuza wanasesere wa namna hii tangu miaka ya 1840, vichwa vikiwa na glezi, ule mng'ao wa kioo unaouona kwenye sahani na kwenye mabakuli ya kale yaliyopangwa zidakani katika nyumba za Lamu. Baadaye mafundi wa Thuringia, miji kama Sonneberg na Waltershausen, pamoja na Wafaransa kama Jumeau wa Paris, wakaiacha glezi, maana uso usiong'aa unafanana zaidi na ngozi ya mtu. Sisi tutafuata hao wa pili.

Viungo vinavyozunguka na macho ya kioo viache kwa sasa. Kauri husinyaa motoni, kioo cha jicho hakisinyai, na kuvilinganisha hivyo viwili ni kazi ya mtu aliyekwisha kuzoea udongo wake. Macho yetu yatachorwa.

Halafu kuna suala la sura. Wapenzi wengi wa kazi hii hununua kalibu zilizonakiliwa kutoka vichwa vya zamani, na kichwa namba 390 cha kiwanda cha Kijerumani cha Armand Marseille wa Köppelsdorf kimenakiliwa mno. Si vibaya ukitaka kujifunza kumimina tu. Lakini viwanda vile, vilipotaka kuuza mwanasesere mweusi, mara nyingi vilichukua kalibu ileile ya mtoto wa Kijerumani na kuimimina kauri ya kahawia, na ukimtazama unaona kabisa kwamba sura na rangi havijuani. Mimi nakushauri ufinyange mwenyewe, tena umtazame mtoto halisi: wa kaka yako, wa jirani, yeyote atakayekubali kukaa kidogo mbele ya katuni wakati wewe unatazama mashavu yake.

Ulizia tanuri kabla ya kununua chochote

Kauri tutakayotumia huiva kwenye nyuzi 1220 hivi za Selsiasi. Moto wa wazi wa wafinyanzi wetu haufiki huko. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa karibu na Matema, huchoma vyungu safi kwa nyasi na kuni, lakini chungu hakihitaji joto hilo na kauri inalihitaji. Ukiichoma kauri kwa moto wa chungu utapata kitu cheupe kinachokwanguka kwa kucha.

Kwa hiyo lazima tanuri la umeme au la gesi. Pa kuulizia kwanza ni idara za sanaa za vyuo, kama shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell pale Makerere, kisha studio za ufinyanzi za watu binafsi. Uliza mambo matatu: je, tanuri linafika koni namba 6 (kipimo cha joto nitakachokieleza hapa chini)? Je, wanakubali kuchoma kazi ya mtu wa nje? Na je, yuko fundi anayelijua, au utaachiwa ufunguo? Hilo la tatu lina uzito kuliko bei.

Ukipenda sana kazi hii, kuna matanuri madogo ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, yanayokula kilowati 3 hivi, na kichwa kimoja na mikono yake vinaenea humo. Ujiandae tu kuangalia uniti za LUKU zikiteremka. Umeme ukikatika katikati ya uchomaji usipagawe: liache tanuri lipoe lenyewe, usilifungue, kisha anza upya. Kauri ambayo haikufika joto lake hurudishwa motoni bila madhara.

Koni ni vijiti vya udongo maalumu vinavyopinda vikishapata joto linalotakiwa kwa muda unaotakiwa. Panga tatu, namba 5, 6 na 7, mahali unapoweza kuziona kupitia tundu la tanuri. Ya 5 ikishalala, ya 6 imepinda vizuri na ya 7 bado imesimama, umefika. Usiamini kipimajoto peke yake. Koni hupima kile ambacho udongo wenyewe umepitia.

Udongo wenyewe

Kauri kwa asili ni vitu vitatu: kaolini (udongo mweupe), felspa na silika (madini ya mawe). Mchanganyiko wa vitabuni ni nusu kaolini, robo felspa na robo silika, kisha kila fundi anarekebisha kivyake. Kaolini tunayo, na vilima vya Pugu kule Kisarawe vinajulikana kwayo, lakini ikitoka ardhini ina mchanga na lazima ioshwe, ichujwe na kupimwa. Kazi ya kwanza nunua uji wa kauri uliokwisha tengenezwa, au unga wake wa kukoroga, kutoka kwa wauza vifaa vya ufinyanzi. Hakikisha ni wa kumimina, si wa kufinyanga kwa gurudumu. Uji wa kumimina umetiwa kiyeyushi, kwa kawaida sodiamu siliketi, kinachoufanya utiririke ilhali maji yake ni machache. Ukiuona mzito usikimbilie kuongeza maji. Koroga kwanza, taratibu, dakika kadhaa, na mara nyingi utalegea wenyewe. Maji ya ziada huufanya usinyae zaidi na kupasuka.

Kwa ngozi ya kahawia nunua uji uliokwisha tiwa rangi, au tia rangi ya madini ya kauri katika uji mweupe. Mimina vigae vidogo vya majaribio na uvichome hadi mwisho kabla ya kumimina kichwa, kwa sababu rangi ya kahawia ikiwa mbichi hupauka na ikiiva hukolea. Huwezi kuikisia kwa macho.

Vitu vingine vingi unavyo nyumbani au utavipata mtaani: plastisini isiyokauka, unga wa jasi, sabuni ya maji, brashi, sponji, soksi ya nailoni, kisu chembamba, msasa wa maji, na tyubu ya baiskeli iliyochanwa vipande vya kufungia kalibu. Ongeza barakoa ya vumbi ya N95. Hiyo si ya kujionyesha: vumbi la udongo mkavu lina silika, na silika ikikaa mapafuni haitoki.

Kufinyanga kichwa

Anza na hesabu. Kauri nyingi za wanasesere husinyaa kati ya asilimia 12 na 17. Mfuko au kopo litakuambia ya kwako. Tuseme ni 15, na unataka kichwa na mabega, vikishaiva, viwe na urefu wa sentimita 9, kiasi kinachomfaa mwanasesere wa sentimita 40 hivi. Gawanya 9 kwa 0.85, unapata 10.6. Huo ndio urefu wa kufinyanga. Mikono na miguu nayo ipigie hesabu hiyohiyo.

Mtoto mdogo ana paji kubwa la uso. Chora mstari katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Kwa mtu mzima macho hukaa kwenye mstari huo, kwa mtoto yateremshe chini yake kidogo. Pua fupi. Mashavu yajae kuanzia chini ya jicho, si pembeni ya mdomo. Kope zifinyange kabisa, usitegemee kuja kuzichora, maana ukingo wa kope ndio utakaoiongoza brashi yako baadaye. Kila umbo lizidishe kidogo, kwa kuwa kusinyaa na kusafisha kutakula ncha zote.

Nywele tunazifinyanga pamoja na kichwa. Twende kilioni zinapendeza mno kwenye kauri: mistari inayopanda kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, kila msuko umechongwa kwa ncha ya kijiti. Ila mfereji kati ya msuko na msuko uwe mpana juu na mwembamba chini. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, jasi itaingia, itaganda, na haitatoka bila kuvunja kitu.

Kanuni hiyo inahusu uso mzima. Kabla hujagusa jasi, kishike kichwa mbele yako na ukitazame kwa mwelekeo ambao kalibu itavutwa. Mahali popote panapojificha, nyuma ya sikio, ndani ya pua, chini ya kidevu, ndipo kalibu itakaponasa. Pajaze. Masikio yalalie kichwa, na matundu ya pua yawe vishimo tu. Utayatoboa kwenye udongo mbichi.

Shingo isiwe nyembamba chini ya sentimita 3, kwa sababu uji wote wa kichwani utapita hapo kutoka. Mabega yaishie na ukingo ulionyooka, na chini yake ongeza kizibo cha plastisini cha sentimita 2, kipana kama mabega yenyewe. Kizibo hicho ndicho kitakachoacha mdomo wa kumiminia. Mgongoni, chini ya shingo, chora herufi za jina lako na mwaka. Viwanda vingi vya zamani vilitia alama kisogoni au begani.

Kalibu ya jasi

Chora mstari wa kugawanya: unapita juu ya utosi, unashuka katikati ya kila sikio, ubavuni mwa shingo, hadi ukingo wa bega. Mbele ni nusu moja, nyuma ni nusu ya pili.

Kilaze kichwa chali juu ya kitanda cha plastisini na ujaze pembeni mpaka plastisini ifike kwenye mstari sawasawa, bila pengo. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu kila pengo litakuwa mshono mnene usoni. Chimba vishimo viwili vitatu vya mviringo kwenye kitanda. Vitazifanya nusu mbili zikae mahali pamoja kila unapozifunga. Zungushia kuta za mbao au plastiki, ukiacha sentimita 3 au 4 kila upande isipokuwa upande wa kizibo, ambao unagusa ukuta. Ziba pembe zote. Jasi mbichi hutafuta tundu hadi ilipate.

Kwa kila lita ya maji tumia kilo 1.4 ya jasi, utapata kama lita moja na nusu ya mchanganyiko. Nyunyiza jasi juu ya maji, kamwe usimwage maji juu ya jasi. Iache izame dakika moja au mbili bila kuigusa, kisha koroga taratibu, mkono ukiwa chini ili usiingize hewa, kama dakika tatu. Paka kwanza tabaka jembamba usoni kwa brashi, pua na kope zishike vizuri, kisha mimina kwenye kona na uache jasi ipande yenyewe mpaka izidi ncha ya pua kwa sentimita 3. Gonga meza ili viputo vipande juu. Mwiko kumfinyangia mtu kalibu juu ya mwili wake kwa kufunika mkono au mguu: jasi ikiganda hupata moto wa kuunguza.

Baada ya dakika 45 hivi itakuwa imepoa. Pindua, ondoa kitanda cha plastisini bila kukitikisa kichwa, na upake jasi iliyo wazi sabuni ya maji mara tatu nne, ukifuta kila mara mpaka iwe laini na ing'ae kidogo. Bila sabuni nusu ya pili itashikana na ya kwanza na utabaki na jiwe lenye kichwa ndani. Mimina nusu ya pili. Ikiganda tenganisha, toa plastisini, osha, zifunge nusu mbili pamoja zikiwa tupu na uziache zikauke wiki nzima au zaidi mahali penye upepo. Usizianike kwenye joto la kupita nyuzi 50, jasi hugeuka kuwa unga. Mabaki ya jasi yasiende kwenye sinki, na yasiguse udongo wako: punje moja ndani ya kauri hutoboa shavu motoni.

Mikono na miguu ni kazi hiyohiyo kwa udogo. Jambo moja tu la kukumbuka: karibu na ncha ya juu ya kila kiungo zungusha mfereji wa kina cha milimita 3. Utajua sababu tukifika kwenye kitambaa.

Kumimina

Chuja uji kupitia soksi ya nailoni. Funga kalibu kwa mipira ya tyubu, imara, mdomo juu. Mimina mfululizo kwa mkondo mwembamba bila kusita, kwa kuwa ukisita, pale uliposita patakuwa na mstari unaozunguka uso. Jaza hadi juu ya mdomo.

Sasa jasi inanywa maji na udongo unajenga ukuta. Utaona usawa wa uji ukishuka; ongeza. Kuanzia dakika ya tatu, kwangua kidogo kwa kisu kwenye mdomo uone unene. Kichwa cha kiasi chetu kinataka milimita 3. Kalibu kavu inaweza kufika hapo kwa dakika nne, na ikimiminwa mara ya tatu siku hiyohiyo itachelewa, maana imelowa.

Kumwaga kuna ustadi wake. Ukiipindua kalibu ghafla, uji hutoka kwa mikupuo, kila mkupuo unavuta hewa, na uvutaji huo unaweza kuubonyeza uso kwa ndani. Inamisha polepole, uji utoke upande mmoja na hewa iingie upande mwingine, huku ukiizungusha kidogo. Kisha iache imeinama, mdomo chini, nusu saa hivi, ili matone yasirudi kichwani na kuganda kama uvimbe.

Baada ya hapo kata udongo wa mdomoni kwa kisu chembamba, ukisikilizia ukingo wa bega. Saa moja au mbili baadaye udongo utaanza kujitenga na jasi. Fungua nusu ya nyuma kwanza. Usikivute kichwa kwa shingo. Igonge kalibu kidogo na ukiache kianguke kiganjani, juu ya sponji. Ni laini bado. Ukikiminya na kukirekebisha kitaonekana kimenyooka, lakini udongo wa kauri una kumbukumbu, na motoni utarudi pale ulipouminya. Kichwa kilichopinda kirudishe kwenye ndoo ya uji, hakuna hasara.

Kikiwa kigumu kiasi cha kushikika, toboa matundu manne ya kushonea, mawili mbele na mawili nyuma, karibu na ukingo wa mabega lakini si kwenye ukingo wenyewe. Bomba la wino la kalamu, la milimita 3, linafaa. Likishasinyaa tundu bado linapitisha sindano. Toboa pua kwa sindano, rekebisha pembe za macho, na acha mshono wa kalibu kama ulivyo. Wengi huukwangua sasa, wakauchimba.

Moto mdogo, kisha maji

Kausha siku kadhaa kivulini. Ukikigusisha kichwa shavuni mwako na ukahisi ubaridi, maji bado yamo.

Zamani udongo mkavu ulisafishwa vivyo hivyo, kwa msasa, vumbi likitimka. Usifanye hivyo. Choma kwanza moto mdogo, nyuzi 700 hivi, ukipanda polepole sana hadi 100 huku mlango wa tanuri ukiwa wazi kidogo. Kikitoka hapo hakirudi kuwa tope hata ukikizamisha, na bado ni laini kiasi cha kusuguliwa. Kiloweke kwenye beseni na ukisafishe kikiwa ndani ya maji: hakuna vumbi.

Hapa ndipo mwanasesere anapopatikana au kupotea. Washa taa moja pembeni, si juu, ili kila kibonde kitoe kivuli. Mshono uondoe kwa msasa laini wa maji, kwa miduara midogo, ukivuka mstari badala ya kuufuata. Kisha soksi ya nailoni iliyovishwa kidoleni ndiyo inayolainisha mashavu na paji. Kwenye kope na pembe za mdomo tumia brashi ngumu iliyokatwa fupi. Funga macho upitishe ncha ya kidole usoni kote. Kidole kinaona kuliko jicho. Acha kikauke, kitazame tena kesho yake kwa mwanga wa dirisha, na utaona mambo ambayo jana hayakuwepo. Maji ya beseni yaache yatulie, mwaga ya juu, na tope litupe likiwa bichi. Meza ifute kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Moto mkubwa

Kwenye nyuzi 1200 kauri hulegea kabla ya kukaza, na ukuta wa bega usio na cha kuegemea hulala. Njia nzuri ni kumimina kigae bapa cha udongo uleule, kukichoma moto mdogo pamoja na kichwa, kisha kukisimamisha kichwa juu yake na unga wa alumina katikati visishikane. Kigae kitasinyaa pamoja na mabega, kwa hiyo ukingo hauburuzwi. Mikono na miguu ilaze kwenye kitanda cha unga huohuo.

Panda nyuzi 100 hadi 150 kwa saa, ukifika juu shikilia dakika kumi, angalia koni, zima. Usifungue mpaka mlango ushikike kwa mkono mtupu. Ukigonga bega kwa kucha lazima lilie kwa sauti nyembamba ya juu. Sauti butu ni ufa au moto haukutosha.

Sugua uso mzima kwa msasa laini sana ndani ya maji. Kauri iliyoiva ina vichembe usivyoviona, na vitaipasua brashi yako.

Rangi

Rangi za kauri ni unga wa madini unaosagwa na mafuta juu ya kipande cha kioo, na huganda kwa kuchomwa tena, nyuzi 720 hadi 750. Mafuta ya karafuu hutumika sana katika kazi hii kwa sababu hukauka polepole na kukupa nafasi ya kurekebisha. Yale ya makonyo (vikonyo vya karafuu) wanayokeneka Pemba yajaribu kwenye kigae kwanza. Yakiwa safi huungua yote bila kuacha doa. Saga mpaka usihisi punje. Nyunyiza mafuta kwa kubania, rangi isitiririke.

Rangi huchomwa tabaka kwa tabaka, jembamba kila mara. Nene hubanduka kama magamba. Kwa uso wa kahawia mpangilio wangu ni huu. Moto wa kwanza: weupe wa macho, pengine mara mbili kabla haujatulia, na mstari mwembamba wa nyusi. Moto wa pili: duara la rangi la jicho, nywele, midomo, mashavu. Moto wa tatu: kiini cheusi cha jicho, ukingo wa kope ya juu, kivuli kati ya midomo, na nukta ndogo nyeupe ya nuru, upande uleule kwa macho yote mawili.

Mashavu ya kahawia usiyatie waridi, yatafanana na poda iliyokosewa. Tumia nyekundu ya tofali, kidogo sana, uigongegonge kwa kibonge cha hariri mpaka isijulikane inaanzia wapi. Nyusi ziwe za vinywele vifupi, kila kimoja kwa mguso mmoja wa brashi nyembamba. Kuona kama macho yako sawa, kigeuze kichwa juu chini, au kitazame kwenye kioo. Ukikosea kabla ya moto, futa kwa spiriti na anza tena.

Tanuri la rangi liachiwe tundu wazi mpaka mafuta yaishe kuungua, na madirisha yawe wazi pia. Baadhi ya rangi nyekundu na njano zina kadimiamu, na za zamani zina risasi. Usinyonye brashi kuinyoosha ncha. Na mwanasesere huyu si wa mtoto anayetia vitu mdomoni. Wa kabatini huyu, au wa mtoto mkubwa mwenye mkono mtulivu.

Mwili

Kata mwili kwenye kitambaa cha marekani, kilichofuliwa kwanza kiishe kuruka. Mikono: shona bomba la kitambaa, liache kinyume, ingiza mkono wa kauri ndani yake vidole vikitangulia upande wa bomba, mpaka ukingo wa kitambaa ufike kwenye ule mfereji. Zungusha uzi uliopakwa nta mara nyingi, kaza, funga fundo, kisha vuta bomba lirudi upande wake. Fundo linafichika ndani na mkono hautoki. Miguu vivyo hivyo.

Jaza sufi, kidogo kidogo, ukishindilia kwa kijiti. Viwandani walijaza unga wa mbao. Sufi ni nyepesi na haimwagiki kila uzi ukikatika. Kwenye makalio weka kifuko cha mchanga mkavu uliochekechwa, ili mwanasesere aweze kukaa, kwa sababu kichwa cha kauri ni kizito na bila uzito wa chini atakuwa anaanguka kifudifudi.

Mabega yavishe juu ya kifua cha kitambaa, pima kama yamekaa sawa, kisha shona kupitia matundu manne kwa uzi mnene, ukikaza bila kuvuta kwa nguvu. Kipande cha ngozi laini au flaneli kati ya kauri na kitambaa huzuia mabega yasigonge. Nguo ni hiari yako: kanga ya doti nzima ni kubwa mno kwa mtu wa sentimita 40, kwa hiyo tafuta kitenge au leso yenye maua madogo, la sivyo ua moja litammeza. Akiwa amekaa na bado anainamia mbele, fungua mshono wa nyuma, punguza sufi tumboni na uongeze mchanga.